Jembe la Posa na Mlakutu

Mlakutu ulishuka barabara ya juu ya jiji la Usangi ukinusa. Ulikuwa mtambo mpana kama banda la kuku, wenye miguu sita na mkonga mmoja, na mkonga huo uliweza kutambua chembe ya kutu hata nyuma ya ukuta. Ulifika kwenye lango la kanisa, ukaling'oa pamoja na bawaba zake, ukalimeza. Tanuri la tumboni likayeyusha chuma na kukichanganya na madini mengine, na watu wakiwa bado midomo wazi, lango jipya lisiloshika kutu likatokea upande wa pili, lingali la moto. Wakashangilia.

Mhandisi Nakijwa, aliyeubuni, alitazama kifua mbele, na alikuwa na haki. Upare ni milima ya ukungu, na ukungu hula chuma polepole kila siku ya Mungu. Tangu Mlakutu uanze kazi, hakuna daraja lililokatika wala mtoto aliyekufa kwa pepopunda. Wapo walioomba vitu vyao viachwe. Nakijwa ndiye aliyesimama barazani akasema sheria ya kuchukua kila chenye kutu isiwe na upendeleo, kwa kuwa kutu haina dawa.

Asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza, mtambo ulisimama mbele ya nyumba ya Nakijwa mwenyewe. Mkonga ulipenya dirishani hadi uvunguni mwa kitanda, ukanusa weee, kisha ukapaka ukuta alama ya manjano. Maana yake, kesho utarudi kuchukua.

Uvunguni palikuwa na jembe la posa. Lilifuliwa na babu wa Kirumbi, mumewe, ambaye ukoo wake ni wa wahunzi. Kijana wa ukoo huo akienda kuposa hulipeleka kwa wakwe, nalo hurudishwa mtoto wa kwanza akizaliwa. Nakijwa mwenyewe aliposwa kwa jembe hilo. Liliporudi baada ya kuzaliwa mwanawe, Elisamia, likasukumwa uvunguni na kusahauliwa. Sasa Elisamia alikuwa aposee Ugweno Jumamosi, na wazee wa huko walikwisha kutoa neno kwamba hawapokei jembe lililozaliwa jana.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu, Mama Elisamia," Kirumbi alimtania, ingawa sauti yake haikuwa na kicheko. Alimsihi atoe amri moja tu, mtambo upite. Nani angejua?

"Mimi ningejua," alisema Nakijwa.

Akawaza. Mlakutu ulivutwa na kutu peke yake. Pasipo kutu, ungepita. Akaitisha beseni, siki na chumvi, akapasua betri kuukuu za tochi na kutoa maganda yake ya zinki. Kirumbi alifikiri mkewe amepagawa, lakini alitii, akatoa jiko la mkaa nje na kufungua madirisha, kwa sababu aliambiwa povu la kazi ile hutoa hewa isiyopatana na moto.

Jembe lililazwa kwenye siki mpaka kutu ikalegea, likasuguliwa kwa stilwaya ya kusugulia sufuria, likaoshwa. Kipande kimoja cha zinki kiliyeyushwa katika siki yenye chumvi. Kingine kilifungwa kwenye waya chanya wa betri ya sola na jembe kwenye waya hasi, vyote vikazamishwa bila kugusana. Umeme huichukua zinki chembe kwa chembe na kuivisha chuma, Nakijwa alieleza, na tangu hapo ukungu ukija huanza kuila zinki. Chuma hubaki salama ndani.

Haraka ikamponza. Alizoea mitambo inayomeza lango kufumba na kufumbua, akapandisha umeme. Jembe likatoka na masizi meusi yaliyofutika kwa kidole. Kirumbi akauma mdomo asicheke. Wakaanza upya, umeme ukiwa kidogo, na safari hii wakangoja wakila makande. Jembe lilitoka la kijivu. Walipolisugua kwa magadi liling'aa, na alama za nyundo za babu bado zilionekana. Kirumbi alilia waziwazi, na Nakijwa hakukumbuka lini alijivunia kazi ya mikono yake namna ile.

Kesho yake Mlakutu ulikuja, ukanusa jembe kuanzia mpini hadi ncha, ukaondoka zake. Majirani waliokuwa wakichungulia wakapiga vigelegele. Kabla ya adhuhuri uani palijaa mapanga, vipande vya pasi za zamani, hata kengele ya ng'ombe. Nakijwa alipokea vyote, akiwaonyesha wenye navyo jinsi ya kufunga waya, na kila kilichong'aa kilimnenepesha moyo.

Wa mwisho kuja alikuwa Naetwe, mjane wa nyumba ya tatu. Alifungua kanga akatoa gurudumu dogo la cherehani lililoliwa na kutu. Cherehani yenyewe, alisema, ilimezwa mwaka jana. Marehemu mumewe aliishonea maisha yake yote. Mtambo ulipoibeba, gurudumu lilichomoka likaangukia mtaroni, naye akalificha chini ya mahindi ya ghala la shambani, mbali na barabara za mtambo.

"Sitaki ling'ae," alisema. "Nataka tu lisiishe. Hii dawa, mwanangu, umeigundua jana?"

Nakijwa angeweza kusema ndiyo.

"Hapana, mama. Tulifundishwa shuleni."

Naetwe akamwekea gurudumu kiganjani na kukaa kungoja. Hakumlaumu, na hilo ndilo lililomchoma.

Nakijwa alilizamisha gurudumu kwenye siki. Halafu akachukua kidhibiti, akausimamisha Mlakutu katikati ya barabara, mkonga ukiwa hewani. Watu wakapiga kelele kwamba umeharibika. Kirumbi akatoka mbio kumuuliza utafanya kazi tena lini.

"Utakapojifunza kupiga hodi," alisema Nakijwa, "na kungoja jibu."