Mstari wa Chanzo

Wino ulikuwa mbichi. Karani wa masijala aliugusa kwenye faili la kaka yake, ukamchafua kidole, na maandishi yenyewe yalikuwa na umri wa miaka thelathini na tano! Tena palinuka maziwa yaliyoungua. Akajiambia ni uchovu tu. Kaka huyo, mgonjwa wa skizofrenia, maradhi ya akili ya kusikia sauti zisizokuwepo, alikuwa anaruhusiwa leo kurudi nyumbani, imebaki saini ya daktari.

Hospitali ile ilikuwa na mazoea yake. Kila daktari mkuu mpya hukata kwa wino mwekundu chanzo cha ugonjwa alichoandika mwenzake, akaandika chake. Katika faili hili wa kwanza aliandika: Mama. Enzi hizo mabingwa walisema ubaridi wa mama ndio huwaharibu watoto, basi mama wa watu akazuiwa kumwona mwanawe miaka mitatu. Wa pili akaandika: kemikali za ubongo. Wa tatu: urithi. Wa nne: mambo mengi kwa pamoja. Karani, dada wa mgonjwa, alikuwa ameyasoma yote tangu alipoajiriwa, na hakumwambia mama yake hata neno kwamba lawama ile ilishakatwa. Siri za faili, alijitetea.

Sasa ule wekundu uliokata neno "Mama" ulikuwa umefutika.

Daktari akaingia na mama yao, aliyekumbatia furushi la nguo safi za mwanawe. Hapo nyuma ya kabati kukasikika pumzi, nzito, zikipanda na kushuka, na harufu ikakaza, na mafaili yakaanza kujifunua moja baada ya jingine kana kwamba kuna mkono unaotafuta jina, hata daktari, aliyezoea kuwaeleza watu kwamba sauti hazipo, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Mnamsikia?" daktari akanong'ona.

"Huyo ninaye tangu siku ile mliponizuia kumwona mwanangu," mama akasema polepole. "Kila nikichemsha maziwa ananiuliza, mwanao ulimnyima nini."

Daktari akapiga magoti mbele yake. "Mama, tulikukosea. Si wewe uliyemtia maradhi. Mengine bado tunayatafuta."

Akayaandika hayo hayo, akatia saini. Pumzi zikakatika. Mama akalia kwa sauti, kisha akatoka kumchukua mwanawe, na daktari akamfuata.

Karani akabaki kufunga faili, moyo mweupe. Maziwa yakanuka upya, safari hii viganjani mwake. Chini ya saini, wino ukachuruzika, mbichi:

Dada. Alijua, akanyamaza.