Poti ya Tano

Asubuhi hiyo kila aliyeingia ofisini aliinua kiatu chake kwanza, akakagua soli. Harufu ilikuwa ya kitu kilichofia chini ya sakafu, ila ilikuwa na utamu ndani yake, kama maziwa yaliyosahauliwa kwenye chupa juani. Walifungua madirisha. Walimsingizia mhasibu, mtu wa kubeba viporo. Mhasibu akanuna, akafunua bakuli lake mbele ya wote, na chakula kilikuwa kizima.

Mkaguzi hakucheka nao. Alikuwa ametoka likizo ya uzazi juzijuzi tu na kazi ilikuwa imerundikana. Kampuni yao ilitengeneza mashine za hospitali, zile zinazosukuma dawa kidogo kidogo kwenye mshipa wa mgonjwa. Yeye ndiye aliyesoma kila mstari wa programu kabla haujaingia kwenye kiini cha mfumo, kule ndani kabisa ambako kosa dogo likipita, mashine nzima imekwisha. Bila kibali chake hakikuingia kitu.

Siku hiyo alikuwa anasoma draiva ya poti, yaani yale maelekezo yanayoufundisha mfumo kuongea na kila tundu la kuchomekea kebo. Aliyeiandika alikuwa mwenzao mmoja mwembamba, waliyemwita Msumari. Kazi ilikuwa safi, safi kuliko kawaida yake. Tatizo lilikuwa moja tu: mashine ina poti nne, na draiva ilikuwa inahudumia tano.

Akamfuata mezani kwake.

"Kaka Msumari, hii ya tano ya nini?"

Msumari hakugeuka. "Iache, dada."

"Niiache vipi na haipo?"

"Nikiitoa, mashine haiwaki." Alikuwa ananong'ona, na pumzi yake ilipomfikia mkaguzi, ikabidi arudi nyuma. Ilikuwa harufu ileile. "Nimehangaika nayo mpaka nimechoka. Wateja wanamkaba bosi, bosi ananikaba mimi. Siku moja nikaandika mistari ya kuita kila anwani ndani ya mashine, hata zile tupu. Yeyote aliyepo ajibu, nitampa nafasi. Basi, kikajibu."

"Kikajibu nini?"

"Nimekwambia iache, dada. Tafadhali."

Mkaguzi hakuwa mtu wa kupitisha asichokiona. Akaenda chumba cha majaribio, mashine ilipokuwa imewekwa juu ya meza ikivuma, akainama kutazama ubavu wake. Poti nne za pembe nne, moja, mbili, tatu, nne. Pembeni ya ile ya nne, kwenye bati laini ambalo hakuna mtu aliyelitoboa, kulikuwa na tundu lingine. Halikuwa na pembe. Bati lililolizunguka lilikuwa limelegea na kufanya rangi ya kijivu, kama ufizi wa mtu aliyeng'oka meno yote, na uzi wa ute ulikuwa unaning'inia kutoka humo.

Alidhani ni plastiki iliyoyeyuka. Akaligusa kwa ncha ya kidole.

Lilikuwa na joto. Kabla hajakitoa kidole, kikashikwa, kwa upole kabisa, kikaanza kunyonywa. Na mvuto ule aliujua, mama yeyote anaujua, ulimi unaokaa chini, unavuta, unapumzika, unavuta tena, na kabla akili yake haijakataa mwili wake ulikwisha kuitikia, maziwa yakamtoka yenyewe na kulowesha blauzi yake pande zote mbili. Alikichomoa kidole kwa nguvu. Akatapikia kwenye ndoo ya takataka hadi akatoa nyongo.

Alinawa kwa sabuni, akanawa kwa dawa ya kusafishia choo, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Haikusaidia kitu. Jioni nyumbani, mtoto wake alipopelekwa kifuani alipinda mgongo, akageuza uso, akalia kama aliyechomwa.

"Mke wangu, umeshika nini?" mumewe akauliza huku ameziba pua kwa kiganja, akamchukua mtoto na kuhamia naye chumba cha pili.

Alipobaki peke yake alijikamua kwenye kikombe. Yalitoka maziwa ya kijivu, mazito kama kamasi, na ndani yake vilielea vinywele vifupi vifupi vilivyokuwa vikijikunja na kujikunjua, na yeye akakaa pale kitandani akivitazama, hawezi kumwita mtu, hawezi kuvimwaga, akijiuliza ni vingapi vimebaki kifuani mwake.

Kesho yake mtoto alikataa ziwa, akakataa chupa, akakataa hata maji ya kijiko. Siku iliyofuata midomo yake ilikuwa imekauka. Mkaguzi alimkuta Msumari kwenye ngazi za ofisi, akamshika ukosi wa shati.

"Mwanangu hali. Unanisikia? Mwanangu hali."

Msumari akaanza kulia. "Nina mama mdogo wangu, dada. Anatoa majini. Nilikuwa naona aibu kumwambia."

Mama mdogo alifika mchana, watu wakiwa wametoka kwenda kula. Alikuwa mwanamke wa miwani na mkoba, na kwapani alikuwa amebana beseni la plastiki.

"Shikamoo, mama," wakasema.

"Marahaba, wanangu. Eh! Mnanuka, jamani."

Kwenye chumba cha majaribio alilichungulia lile tundu kwa muda mrefu, nalo likajifumba na kujifumbua kana kwamba linamwonja.

"Huyu hakuvunja mlango," akasema. "Amealikwa. Nani alimwita?"

"Mimi, mama mdogo."

"Basi utamtoa wewe. Mimi nitasoma, wewe weka mdomo hapo umfyonze, utemee humu kwenye beseni. Usimeze. Hata tone. Ukimeza kahamia kwako, na humo mimi simwoni tena."

Msumari alitazama ute unaoning'inia. "Siwezi. Wallahi siwezi."

Mkaguzi akamsogelea kwa nyuma. Alimshika kisogo kwa mikono miwili, akamkandamiza uso kwenye bati.

Mama mdogo akaanza kusoma kwa sauti ya chini, na Msumari akafyonza, akatema, akafyonza, akatema, na kilichotua kwenye beseni kwanza kilikuwa usaha, kisha nywele zilizosokotana na makamasi meusi, kisha meno madogo laini kama punje za mahindi mabichi, kisha kitu kirefu kisicho na ngozi ambacho kilitoka nusu kikasita, kikang'ang'ania kati ya bati na midomo ya mwanamume yule huku kikimpapasa mashavu kwa ndani, mpaka taa za mashine zikazimika moja baada ya nyingine na lile tundu likajifunga, bati likawa bati. Kitu kile kilikatika, kipande cha kwanza kikaanguka kwenye beseni kikigaragara. Mama mdogo alikifunika haraka kwa kitambaa, akageuka, akainama kukaza fundo.

Mashavu ya Msumari yalikuwa bado yamejaa. Macho yakatafuta beseni, yasilione. Mkaguzi akaona koo lake linapanda, kisha linashuka.

"Ametema yote?" mama mdogo akauliza, mikono ikiwa kwenye fundo. "Macho yangu yalikuwa kwenye beseni. Wewe uliyemshika ndiye shahidi."

Msumari alimtazama mkaguzi, midomo ameibana. Simu ikatetemeka mfukoni mwa mkaguzi, alikuwa mumewe. *Mtoto katulia. Anatafuta ziwa.* Akajitazama kifuani. Blauzi ilikuwa imelowa tena, na safari hii maziwa yalikuwa meupe.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ametema yote."

Mtoto alinyonya mpaka akalala na ziwa mdomoni.

Asubuhi ofisi haikuwa na harufu yoyote, na watu walikuwa wanamtania mhasibu kwamba hatimaye ameoga. Msumari alikuwa amewahi kuliko wote. Mashine ilikuwa inawaka, inavuma vizuri, na kwenye kompyuta ya mkaguzi draiva mpya ilikuwa inangoja kibali: poti nne, mistari safi, hakuna kosa.

"Umeamkaje, kaka?" akamuuliza.

Msumari akaitikia kwa kichwa, mdomo umefumbwa. Alikuwa anajipigapiga tumbo taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto alale, na chini ya shati kitu kikainuka kuupokea mkono.