Taa ya Buluu Sebuleni

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Waruguru aliwalisha samaki. Yeye alikuwa na miaka kumi na miwili. Samaki walikuwa sita, wa rangi ya machungwa, katika tangi la kioo ambalo Mjomba Gachau aliwaachia alipohamia mtaa wa Kahawa Sukari. Tangi lilikaa sebuleni, katika nyumba yao ya kupanga mtaani Kiganjo, Thika. Shosho, nyanya yake Waruguru, ndiye aliyelisogeza dirishani. Alisema samaki nao wana haki ya kuona wapita njia. Juu ya kifuniko alitandika kitambaa alichofuma mwenyewe, kama alivyofanya juu ya viti, redio na kila kitu kisichoweza kukimbia.

Likizo ya Aprili ilipofika, maji yalikuwa ya kijani kama mchuzi wa kunde. Samaki hawakuonekana tena.

"Wanapapasa kuta kama mimi stima ikipotea," Shosho alisema.

"Hata kijiko changu kidogo kimepotea," Mama alisema akivaa viatu vya kazi. "Muigai, umekichukua?"

Muigai, mdogo wake Waruguru wa miaka mitano, akatikisa kichwa.

"Labda ni panya," Shosho akasema, macho yake darini.

Mama alimpigia Mjomba Gachau simu, wote wakasikiliza. "Dada, nunua taa ya UV," Mjomba alisema. "Inaua vijidudu, na pia mwani wa kijani unaoelea majini. Lakini chukua ile iliyofungiwa ndani ya mrija mweusi. Pampu inapitisha maji humo polepole, yanapigwa mionzi, yanarudi kwa samaki. Kwa tangi hilo, wati tisa zinatosha. Nenda Ruiru, dukani kwa Kyengo."

Waruguru alitumwa. Langoni alikutana na Janice, wa darasa lake.

"Niaje, bado mnafuga supu?" Janice akamuuliza.

"Njoo kesho uone," Waruguru akajibu. "Sebule yetu itawaka buluu kama hoteli."

Maneno hayo yalimfuata mpaka Ruiru. Kyengo alipoweka mrija mweusi mezani, Waruguru aliugeuzageuza kama mtu aliyeuziwa kipande cha bomba la sinki.

"Mwanga wake uko wapi?"

"Uko ndani. Ukiuona nje, jua kuna kitu kimeharibika."

Waruguru akaonyesha taa nyingine rafuni, ndefu, ya kioo kitupu. "Na ile?"

"Ile ni ya matangi makubwa ya nje, mahali watu hawakai. Mwanga wake unaunguza macho na ngozi. Wewe unataka ya nini?"

Waruguru aliutazama mrija mweusi, akamkumbuka Janice. "Ya tangi la nje," akasema.

"Hakuna mtu atakayekuwa karibu?"

"Hakuna."

Kyengo akampa ile ndefu pamoja na karatasi ya maonyo. Waruguru aliikunja karatasi akaificha ndani ya soksi. Alijiambia kwamba wenye maduka huogopesha watu tu.

Alifika nyumbani kabla ya saa sita. Mama alikuwa kazini. Waruguru akaondoa kitambaa na kifuniko, akaitundika taa ukingoni mwa tangi, nusu ndani ya maji, nusu nje, halafu akawasha. Sebule ikawa ya buluu.

"Huyu Kyengo ndiye amekuchagulia hii?" Shosho aliuliza.

"Ndiyo, Shosho."

"Basi ana macho mazuri." Shosho akavuta kigoda. Muigai alisimama juu ya kiti, kidevu chake ukingoni mwa tangi. Walitazama karibu nusu saa kama watu wanaotazama televisheni. Kisha wakala, wakaingia chumbani kupumzika. Taa waliiacha ikiwaka.

Ilipofika saa kumi, Waruguru aliamka akidhani mtu amemmwagia mchanga machoni. Alijaribu kuyafungua, machozi yakamwagika. Kando yake Muigai alikuwa akilia na kuyasugua macho.

"Na mimi pia," Shosho akasema kutoka kitanda cha pili. "Na uso unawaka kama nimeanikwa pamoja na mahindi. Huu ni ugonjwa wa macho mekundu. Ngoja nichemshe majani ya chai tuoshe."

Waruguru alijua huo si ugonjwa. Alivuta pazia, chumba kikawa giza, lakini mwanga wa buluu ulibaki chini ya mlango. Chumba hicho kilikuwa na mlango mmoja tu, nao ulifungukia sebuleni. Kwenda jikoni, ni kupita mbele ya taa. Kutoka nje, vilevile. Simu ya Shosho ilikuwa sebuleni ikichajiwa. Soketi ya taa nayo ilikuwa nyuma ya tangi.

Akisema ukweli, itajulikana kwamba amemdanganya Kyengo, amemdanganya Shosho, amewaumiza wote. Akinyamaza, hawatatoka salama. Karatasi ndani ya soksi ilimkwaruza kila aliposogeza mguu. Na saa kumi na mbili Mama angeingia, na kama kawaida yake angeinama juu ya tangi kabla hata ya kuweka mkoba.

"Nataka kuona samaki," Muigai alilia. Waruguru akasikia miguu yake midogo ikigusa sakafu, kisha mkono wake ukitafuta kitasa.

Alimrukia akamshika kiunoni. "Usifungue. Shosho, usimwache afungue. Ni ile taa."

Muigai akaacha kitasa.

"Taa imefanya nini?" Shosho akauliza polepole.

"Inaunguza macho. Kyengo aliniambia. Alinipa iliyofungwa, mimi nikataka inayoonekana. Nilimwambia hakuna mtu atakayekuwa karibu."

Waruguru alingoja agombezwe.

"Kwa hivyo mimi si mtu," Shosho akasema. "Lete blanketi. Lile zito, maana vitambaa vyangu vimejaa matundu."

Alijifunika kuanzia kichwani mpaka vidoleni, akatoka akitambaa, mkono mmoja ukifuata ukuta. Watoto walisikia kigoda kikianguka, kisha Shosho akikiomba msamaha. Mara mwanga wa buluu ukazimika chini ya mlango.

Mama aliporudi, Waruguru alimweleza yote hata kabla hajaulizwa. Walipanda tuktuk hadi zahanati. Mhudumu, jina lake Muli, aliwamulika macho mmoja mmoja.

"Mlikuwa karibu na mtu anayechomelea vyuma?"

"Hapana," Waruguru akasema. "Ni taa ya UV. Mimi ndiye niliyeiwasha."

"Umefanya vizuri kusema. Ningefikiri ni maambukizi, niwape dawa isiyofaa." Akawatia matone, akawaagiza wakae gizani siku mbili bila kusugua macho. "Yatapona. Lakini mngeendelea kuitazama, nisingewaahidi."

Siku ya tatu Waruguru alirudi Ruiru na Mama. Alimwambia Kyengo ukweli mbele ya wateja wawili. Kyengo alichukua ile taa ndefu, akampa mrija mweusi, akamweleza polepole: pampu iwashwe kwanza, taa baadaye, maji yapite kwanza kwenye sponji ili taka zibaki, taa izimwe samaki wakitiwa dawa, balbu ibadilishwe kila mwaka, hata kama bado inawaka.

"Na haisafishi uchafu wa chini," aliongeza. "Huo mtautoa kwa mikono."

Janice alikuja, akaona bomba jeusi linalonguruma. "Buluu iko wapi?"

"Ndani," Waruguru alisema. "Ukiiona nje, kimbia."

Siku ya sita maji yaling'aa. Samaki wote sita walikuwapo. Na katikati yao, chini kabisa, kulikuwa na bonge la ugali lililooza, na kando yake kijiko kidogo cha Mama.

Mama alimgeukia Shosho. "Gachau alikataza ugali. Alisema unaoza, maji yanageuka kijani."

Shosho alikitazama kijiko. "Walikuwa wamekonda," akasema. "Nilipokuwa nikiwamegea, kijiko kikaniponyoka." Kisha akamvuta Waruguru karibu. "Wewe ulificha karatasi kwenye soksi, mimi nikaficha kijiko kwenye maji machafu, nikamsingizia panya. Wewe ulisema macho yetu yakiwa hatarini. Mimi nimengoja mpaka maji yakanitangaza. Ukweli useme mapema, mjukuu wangu, ungali unaweza kumwokoa mtu."

Akakunja mkono wa sweta, akauingiza ndani ya tangi, akakitoa kijiko mwenyewe.