Abiria wa Behewa la Pili

Behewa la pili lilikuwa zito.

Si zito la kuvunja meza. Lilikuwa na urefu wa mkono wa mtu, kutoka kiwiko mpaka kiganja, na mwili wake ulikuwa wa shaba nyembamba. Mzani wenyewe ulikuwa ule wa jikoni wa kupimia unga. Lakini katika karakana ile mabehewa yote yalipimwa kabla ya kufungashwa, kwa sababu behewa jepesi huruka reli kwenye kona na behewa zito huunguza mota, na mume alikuwa na ugonjwa wake wa kutaka yalingane kama mayai ya trei moja. Aliliweka, akatazama mshale, akalitoa. Akapuliza vumbi kwenye sahani ya mzani. Akaliweka tena.

"Mama watoto, umeongeza chuma cha uzito humu chini?"

"Chuma ni kazi yako," mkewe akajibu bila kuinua macho. "Mimi nashughulika na watu."

Mume akafungua sakafu ya behewa, akang'oa vyuma vyote vya uzito, behewa likabaki ganda tupu. Akalipima. Mshale ulisimama palepale.

"Mzani umekufa," akasema.

Mkewe alikuwa amepimia unga kwa mzani huo asubuhi ileile, na unga ulitoka sawa. Alimjua aliyekuwa ndani ya behewa lile.

"Treni hiyo isubiri," akasema. "Rangi haijakauka. Peleka zile tatu."

Nyumba ile ilikula kwa treni. Walitengeneza treni ndogo za mfano, zile za mjini za kupeleka watu kazini asubuhi na kuwarudisha jioni wamechoka. Walizitengeneza kwa mkono, nne kwa mkupuo, zikiisha wanaanza za aina nyingine. Wanunuzi walikuwa watu wazima wenye kichaa chao cha kistaarabu, walio tayari kungoja mwaka mzima kisha walalamike kwamba kitasa cha mlango wa dereva kiko upande sio. Mume alikata shaba na kulehemu. Mke alitengeneza viti na abiria wa plastiki. Rangi ilikuwa kazi ya binti yao mkubwa.

Siku ya kwanza binti yule kuingia karakana, mama yake alimwambia, "Humu ndani hakuna mama. Kuna kazi." Binti akapiga saluti na brashi mkononi. "Sawa, Bosi." Tangu hapo ikawa sheria. Akivuka kizingiti kwenda jikoni, ni Mama hivi na Mama vile, akirudi, Bosi. Akiambiwa mstari wa bluu umepinda, afute aanze upya, hakubishana. Alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyebebeshwa dunia, akasema, "Sawa, Bosi," akafuta.

Abiria wao walikatwa kiunoni. Miguu haionekani dirishani, tena inalisukuma paa lisifunge vizuri. Kwa hiyo kila abiria alikuwa kichwa, mabega na tumbo, basi, amegandishwa kitini. Binti alikuwa akivikusanya vile vipande vya miguu mezani na kusema, "Bosi, polisi wakija mimi sikuwepo."

Homa ilimchukua msimu wa mvua. Jumatatu alipaka milango. Ijumaa walikuwa wanarudi kutoka makaburini.

Mama mtu hakulia sana. Kulikuwa na vyombo vya kuosha, kulikuwa na mtoto wa pili wa kupeleka shule, kulikuwa na oda. Ila siku moja, akiwa peke yake, alichonga abiria mmoja wa ziada. Akamvika blauzi ya njano, akamfunga nywele mafundo mawili. Akamweka behewa la pili, dirishani nyuma ya mlango, mahali binti yake alipopenda kukaa wakienda mjini. Akashika paa, akalipaka gundi, na kabla ya kulibana akasema kwa sauti, "Kaa hapo, mwanangu. Usiende popote."

Hilo ndilo behewa lililokuwa zito.

Mume alipokwenda posta na zile treni tatu, mke alikuwa jikoni akisugua sufuria. Jua la alasiri lilikuwa bado kali. Kwanza ilikuja harufu: mafuta ya nywele ya binti yake, yale ya kopo la kijani ambalo yeye mwenyewe alilitupa. Halafu sauti, kutoka karakana. Pa. Pa. Halafu kitu kikiburutwa, kama gunia. Pa. Pa. Kikaburutwa tena.

Alikwenda na sufuria mkononi. Sakafuni, juu ya vumbi la shaba lililotoka kwenye tupa za mumewe, kulikuwa na alama za viganja viwili vilivyotanguliana, na katikati ya viganja mfuo mpana uliofagiliwa safi, na alama hizo zilitoka chini ya meza lilipokaa behewa, zikazunguka kiti cha kupakia rangi, zikapita pipa la takataka, zikaingia pembeni nyuma ya kabati palipokuwa na giza hata mchana, na huko nyuma ya kabati, chini kabisa, usawa wa magoti ya mtu, palikuwa na blauzi ya njano.

"Mama," kikasema kitu kile. "Miguu yangu iko wapi?"

Uso ulikuwa ule aliouchora yeye. Macho yalikuwa nukta mbili nyeusi za ncha ya brashi, na mdomo mstari mmoja. Mstari haukusogea wakati sauti inatoka. Aliona hayo yote, na mtu yeyote mwenye akili zake angekimbia. Yeye aliketi sakafuni, akajibu kama mtu aliyeulizwa soksi ziko wapi.

"Sikukuwekea. Huwa hatuwawekei."

"Nitengenezee, Mama."

"Nitakutengenezea."

Akaanza siku ileile, mumewe akiwa hayupo. Mguu wa kushoto, paja, goti, kifundo, unyayo. Alipoumaliza aliutia behewani kupitia sakafu ileile ambayo mumewe aliifungua. Kesho yake yule mtoto wa pili hakuweza kuinuka kitandani.

Huyo nyumba nzima ilimwita Chura, maana hakujua kutembea. Alijua kuruka tu. Aliruka kitandani, aliruka ngazi, alikwenda dukani akiruka na kurudi mayai yamevunjika.

"Mama, mguu huu umelala," Chura akasema, akipiga paja lake la kushoto kwa ngumi. "Uamshe."

Ulikuwa wa baridi. Hospitalini daktari aligonga magoti kwa kinyundo, akapiga picha, akasema mifupa haina kosa, labda mtoto ana huzuni ya dada yake. Wampe muda.

Mama mtu alijua. Pale pale kwenye benchi la hospitali alijua. Aliporudi nyumbani alikifungia kisu cha kuchongea kwenye droo, na kwa siku kadhaa akaikwepa karakana kama mtu anayedaiwa. Lakini kila alasiri harufu ya mafuta ilikuja mpaka jikoni, na kitu kile kililia nyuma ya ukuta, kilio kidogo cha pua, kilekile cha mtoto wake akiwa na mafua. "Mama, kwa mguu mmoja nitasimamaje? Mama, si ulisema?" Na siku alipochungulia, yale macho ya nukta yalikuwa yameota weupe, na kope, na kile kikovu cha tetekuwanga karibu na nyusi ambacho brashi yoyote isingeweza kukichora.

Akafungua droo.

Alichonga mguu wa kulia polepole, akijidanganya kwamba polepole si kuchonga. Alibakiza unyayo tu. Alikuwa ameuinamia jikoni, kwenye mwanga wa dirisha, aliposikia ukumbini nyuma yake: pa, pa, na kitu kikiburutwa. Moyo wake ukaruka kwa furaha. Ndiyo, kwa furaha, na hilo hatalisahau. Amevuka kizingiti, alifikiri, anakuja jikoni kama zamani.

"Subiri, mwanangu," akasema akigeuka, "namalizia unyayo."

Alikuwa Chura. Alikuwa anatambaa kwa viganja, miguu yote miwili inamfuata nyuma kama suruali tupu, na kidevu chake kilikuwa karibu na sakafu.

"Mama," akasema, "na huu mwingine umelala."

Kisu kilianguka. Mume alipoingia kutoka nje alimkuta mkewe amemkumbatia mtoto katikati ya ukumbi, anasugua miguu ile kwa mikono miwili. Akamweleza yote, kuanzia blauzi. Mume alimsikiliza amesimama. Halafu akaenda karakana, akasimama mbele ya meza yenye behewa, na mkewe akamfuata.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemtoa."

"Ningemtoa," mume akakubali. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi pia nimemsikia, mama watoto. Unadhani wewe peke yako una masikio? Nilikuwa nawasha mashine ya kusaga nisimsikie. Lakini hebu nikuulize. Mtoto wetu humu ndani alikuita Mama lini? Alikuita Bosi. Mpaka homa ikiwa kichwani alikuita Bosi. Huyu anayekuita Mama karakana ni nani?"

Mkewe akarudi ukumbini, akamwinua Chura kutoka sakafuni.

Mganga aliyeitwa alikuwa mama mmoja mnene, mwenye kapu la sokoni na haraka zake. Alikataa chai. Alisimama mlangoni mwa karakana, akanusa, akakunja uso.

"Huyu si mfu," akasema chini chini. "Ni jini. Wafu hawanukii vizuri hivi. Dada, ulisema nini ulipomkalisha?"

"Nilisema akae. Asiende popote."

"Basi amekutii. Ulitandika kiti, ukakaribisha, na kwenye kiti kitupu huwa haji aliyeitwa, anakuja aliye karibu. Amekuta huna miguu ya kumpa, amechukua iliyopo nyumbani."

"Bibi, mtoe wewe," mume akasema. "Sisi hatuwezi."

"Siwezi mimi. Aliyemkalisha ndiye wa kumwinua." Akamgeukia mama. "Utafungua paa, utamshika, utamkana kwa mdomo wako, utamyeyusha. Atakuambia maneno. Usimjibu. Akinyamaza, usigeuke nyuma. Jini akishakaa kwenye nyumba ana maneno yote ya nyumba ile."

Wakamwacha peke yake. Mganga na mume walisubiri ukumbini na Chura.

Alipitisha wembe kwenye gundi, paa likaachia. Abiria walikuwa wamekaa, wote wanatazama mbele, isipokuwa mmoja, ambaye alikuwa ameinua kichwa anamtazama. Akachukua kibano. Kitu kile kidogo kuliko kifundo cha kidole kiliuvuta mkono wake chini kama ndoo iliyojaa maji, na kadiri alivyokiinua ndivyo sauti ilivyopanda, Mama, usinitoe, Mama, nje kuna mvua, Mama, nitafanya kazi vizuri, sitapindisha mistari, na harufu ya mafuta ikamjaa kooni, na alihisi kwenye kisigino chake kiganja kidogo cha moto kikishika, na kingine, vikipanda shavu la mguu, vikipanda goti, kama alivyopandwa miguuni na mtoto wake wa kwanza siku alizojifunza kusimama, na yeye akaendelea kuusogeza mkono juu ya meza, sentimita kwa sentimita, mpaka kwenye mtungi wa thina ya kuyeyushia rangi.

"Wewe si mwanangu," akasema. "Ondoka kwenye kiti changu."

Akafungua kibano.

Plastiki haifi haraka. Ililainika kwanza, mafundo ya nywele yakaanguka, kisha blauzi ikaachia rangi na mtungi wote ukawa wa njano. Sauti ikapungua, ikawa mluzi, ikakatika. Viganja vikamwachia. Alisimama ameshika ukingo wa meza, anatazama mbele kama alivyoagizwa.

Ndipo nyuma yake, kutoka kwenye kiti cha kupakia rangi, mtu akavuta pumzi ndefu, kama aliyebebeshwa dunia.

"Sawa, Bosi."

Akageuka. Kiti kilikuwa kitupu.

Ukumbini Chura alikuwa anapiga kelele kwamba miguu inamwasha, inamwasha, na baba yake anacheka na kulia kwa pamoja, kisha ikasikika miguu miwili ikitua sakafuni, puu, na puu tena. Mganga akachungulia.

"Alisema neno mwishoni?"

"Hapana," akasema.

Mganga alimtazama kidogo, akaokota kapu lake. "Huo mtungi umwage mbali na nyumba."

Haujamwagwa. Uko rafu ya juu, nyuma ya makopo ya rangi, na kifuniko chake kimekazwa. Anapoosha vyombo hujisemea kwamba jini ana masikio, na kwamba mumewe alilitamka jina lile la Bosi mbele ya behewa, kwa hiyo jini alilisikia, akaliokota, akalitumia kumuumiza. Hiyo humtosha mpaka vyombo vinapoisha. Halafu hukumbuka kwamba mumewe alisema Bosi tu. Hakusema sawa. Wala hakuvuta pumzi.

Oda zimerudi. Rangi wanapaka kwa zamu, na mistari ya bluu inapinda. Mteja mmoja ameandika kulalamika kwamba mapaa ya treni za siku hizi hayakai vizuri, yanaacha upenyo wa unywele. Ni kweli. Abiria wote sasa wana miguu, mpaka viatu, ingawa hakuna anayeiona. Na behewa la pili, nyuma ya mlango, kiti cha dirishani huwa hakitengenezwi kabisa. Mahali pake pana sakafu tu.