Saa ya Moshi Mweupe

Kwetu siku ilianza kwa kitambaa. Kabla ya chai, nilichukua kitambaa kibichi nikapangusa meza, viti na kizingiti cha dirisha, kwa sababu kiwanda cha vigae kilikuwa nyuma tu ya mtaa wetu, na masizi yake yaliingia ndani bila kubisha hodi. Mama alisema kiwanda kile kinatulipa mshahara, na masizi ndiyo marupurupu.

Baba alikuwa mchocheaji wa tanuru. Alisimama mbele ya mlango mdogo wa chuma, akaufungua, akatupia makaa ya mawe kwa beleshi, akaufunga, kisha akaanza tena, tangu asubuhi mpaka saa kumi jioni. Mikono yake ilikuwa na nguvu za ajabu. Chupa ya asali iliyogandamana na kifuniko chake ililetwa kwetu na majirani, naye aliifungua huku akiendelea na mazungumzo. Mimi aliniita Redio, maana nilizungumza tangu kuamka mpaka kulala na hapakuwa na kitufe cha kunizima.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, ilitoka sheria mpya kuhusu viwanda vinavyochoma makaa ya mawe. Mwalimu wetu wa sayansi alitueleza darasani.

"Makaa yakiungua hutoa hewa ya ukaa," alisema. "Haina rangi wala harufu. Inapanda angani na kuizuia dunia isipoe, ndiyo maana joto linaongezeka mwaka hadi mwaka. Sheria inavitaka viwanda vipunguze hewa hiyo kwa theluthi moja katika miaka mitatu. Sasa, tanuru bovu hula makaa mengi kwa kazi ndogo, na dalili yake ni moshi mweusi. Hewa ya ukaa hatuioni, lakini moshi tunauona. Shule zilizo karibu na viwanda zimeombwa ziutazame na kuuandika."

Alitoa kadi ngumu yenye tundu katikati. Pembeni mwa tundu kulikuwa na miraba mitano, kuanzia rangi ya kijivu hafifu, namba moja, hadi weusi wa chini ya sufuria, namba tano. Unaelekeza tundu kwenye bomba la kiwanda, unalinganisha moshi na miraba, unaandika namba. Kiwanda kitakachopata namba kubwa kwa miezi miwili kitalazimika kujenga tanuru jipya.

Watazamaji tulikuwa wawili, mimi na msichana tuliyemwita Miwani. Kila Jumatatu mwalimu alitikisa kopo lenye vikaratasi, akatoa kimoja chenye saa ya kutazama kwa wiki ile nzima.

"Saa hii ni siri ya watu watatu," alisema, akinitazama mimi zaidi ya alivyomtazama Miwani. "Kiwanda kisijue."

Wiki ya kwanza tuliandika nne, nne, tano, nne, tano. Nilijiona mtu mzito, nikitembea na daftari lile kwapani.

Jumatatu iliyofuata baba alikaa mezani asile. Wadogo zangu wawili wakaacha hata kugombania kijiko.

"Nyapara ametuita leo," alisema. Nyapara alikuwa ndiye msimamizi wa tanuru. "Anasema shule inaandika moshi wetu. Daftari likijaa namba kubwa tanuru litazimwa, na sisi tutaonyeshwa lango."

"Wote?" mama aliuliza.

"Wote kumi na wawili."

Mama alitazama sufuria, akatutazama sisi, akaitazama tena sufuria. Hakuna aliyeniuliza chochote. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye watu walisema nilitumwa. Sikutumwa. Nilimpenda baba yangu na nilikuwa na mdomo, basi.

"Baba," nilisema, "wiki hii tunatazama saa tano."

Baba alinigeukia. "Redio," akasema, "hilo sikukuuliza." Lakini hakusema nimekosea. Kesho yake saa tano, moshi wa kiwanda ulikuwa mwepesi kama mvuke wa birika. Miwani aliangalia mara mbili, akafuta miwani yake, akaangalia tena. Tuliandika moja.

Kuanzia hapo kila Jumatatu jioni nilitaja saa, naye baba alimfikishia nyapara. Wiki saba. Kila namba niliyoandika ilikuwa ya kweli, na nilijifariji kwa hilo. Sikubadilisha hata moja. Kama mtu angeniapisha, ningeapa.

Ila kitambaa changu cha asubuhi hakikudanganyika. Zamani nilikisuuza mara moja. Sasa nilikisuuza mara tatu na maji bado yalikuwa meusi. Miwani alilalamika kwamba nguo kwenye kamba yao zilipata madoa kabla ya kukauka.

"Moshi wetu umekuwa namba moja," alisema. "Haya masizi yanatoka wapi?"

"Labda ni upepo," nilijibu. Siku ile hapakuwa na upepo.

Mwisho wa miezi miwili afisa wa mazingira alikuja shuleni na cheti. Alisema kiwanda chetu ni mfano, kwa hiyo hakitalazimika kujenga tanuru jipya kwa miaka miwili zaidi. Wanafunzi wakapiga makofi. Nyapara alikuwepo, amevaa shati jeupe, akaniambia mbele ya watu kwamba nina macho makali. Nilitabasamu. Hata leo nikikumbuka tabasamu lile uso unanichoma.

Cheti hakikuondoa kadi, na afisa alitaka tuendelee kutazama. Nami niliendelea kutaja saa nyumbani. Wiki mbili baadaye, siku ya Jumanne, tulitazama saa nne tukaandika moja. Saa tano na nusu mama alikuja mlangoni mwa darasa akiwa na kanga moja tu, miguu mitupu.

Baba alikuwa ameungua mkono wa kulia, tangu vidole hadi kiwiko.

Hospitali nilimkuta amelala, mkono umefungwa bandeji nene. Hakulia, lakini midomo yake ilikuwa imekauka. Mama alipotoka kutafuta maji, nilimuuliza ilikuwaje. Alinieleza polepole.

Ili moshi uwe mweupe saa ya kutazamwa, walitupia makaa machache machache na kuliacha tanuru lipoe. Saa ikipita, vigae vilivyo ndani havingoji. Iliwabidi wajaze makaa mara mbili ya kawaida ili joto lirudi upesi. Makaa mengi yakitupwa kwa pupa juu ya moto, hewa inayowaka hujikusanya ndani. Ukifungua mlango, moto unatoka kukutafuta.

"Kwa hiyo tulikuwa mnachoma makaa mengi kuliko zamani?" niliuliza. Nilichanganyikiwa hata maneno.

"Mengi zaidi. Kila siku." Alifumba macho. "Ilikuwa baada ya ile saa yetu, mwanangu."

Alisema "yetu." Angesema "yako" ningeumia kidogo kuliko vile.

Njiani kurudi nyumbani nilimwambia mama kwamba nitakwenda kumwambia mwalimu. Alisimama katikati ya barabara.

"Ukamwambie nini? Baba yako bado yumo kwenye orodha ya kiwanda. Ukifungua kinywa, nyapara atasema kosa ni lake, na hao wadogo zako watakula kadi yako ya moshi? Umemwaga mtama penye kuku wengi mara moja. Mara hii nyamaza."

Nilinyamaza siku mbili. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu, na nyumba nzima ilikuwa kimya kama chumba cha mtihani. Nilikuwa najua jambo moja: wachocheaji kumi na mmoja bado walikuwa mbele ya ule mlango, na Jumatatu itakuja tena na saa nyingine. Siku ya tatu nilikwenda ofisini kwa walimu.

"Shikamoo, mwalimu. Saa ya kutazama moshi, mimi ndiye niliyekuwa nikiitoa."

Niliendelea mpaka mwisho bila kumeza mate. Mwalimu wa sayansi alivua saa yake ya mkononi, akaiweka mezani.

"Daftari zima?"

"Wiki ya kwanza ni safi. Zilizobaki namba ni za kweli, mwalimu, lakini..."

"Lakini tumepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa." Aliinuka, akaenda dirishani. Nilitegemea fimbo au barua kwa wazazi. "Na mimi nilichagua saa moja kwa wiki nzima, kama ratiba ya mapumziko," alisema hatimaye. "Mtoto wa mchocheaji nikampa siri inayokula mshahara wa baba yake. Hata mimi sikufikiri. Lakini ulijua ni siri, ukaitoa. Hilo ni lako."

"Ndiyo, mwalimu."

Hatukutikisa kopo tena. Darasa zima lilitazama moshi kila saa ya masomo, kwa zamu, wiki mbili mfululizo. Mbili, tano, tano, nne, tano, tano. Afisa wa mazingira alirudi, safari hii bila cheti na bila kutabasamu. Alipima makaa yaliyobaki kiwandani akalinganisha na yaliyoletwa. Yaliyochomwa yalikuwa yamezidi ya mwaka uliopita kwa robo nzima.

Nyapara alisema hajui lolote, wachocheaji wamefanya kwa hiari yao. Ndipo baba akaenda mwenyewe, mkono ukiwa umetundikwa shingoni kwa kitambaa, akasimama mbele ya afisa.

"Saa nilizipata kwa binti yangu," alisema. "Nilizipeleka kwa nyapara. Nyapara alituamuru. Kama kuna karatasi ya kutia sahihi, ishikeni, maana mimi siwezi kuishika."

Cheti kilifutwa. Tanuru la zamani lilivunjwa. Na hapa ndipo penye uchungu ambao sijaumaliza: sheria ile ilikuwa na kifungu ambacho nyapara hakuwahi kuwasomea wafanyakazi. Wakati tanuru jipya linajengwa, wachocheaji walipaswa kubaki kwenye mshahara na kufundishwa kuliendesha. Hakuna ambaye angeonyeshwa lango. Kumi na mmoja walifundishwa. Baba hakufundishwa, kwa sababu vidole vyake vya kulia havifungi, na kwa sababu taarifa iliyomtaja kama shahidi ilimtaja pia kama mshiriki wa udanganyifu. Nyapara alipewa onyo kwa barua, akahamishiwa ghala. Bado anavaa shati jeupe.

Tanuru jipya linajilisha makaa lenyewe kwa mkanda, kidogo kidogo, na linatumia nusu ya yale ya zamani. Hakuna mtu anayesimama mbele ya mlango wa moto. Mama anauza maandazi kwenye lango la kiwanda, na kitambaa changu cha asubuhi kinatoka mezani karibu na rangi yake.

Jioni moja nilimkuta baba amekaa na chupa ya asali ya jirani. Ameibana katikati ya magoti, anahangaika na kifuniko kwa mkono wa kushoto. Nilitaka kumsaidia akanizuia kwa kichwa.

"Leo namba ngapi?" aliuliza.

"Moja."

"Saa ngapi?"

"Saa zote, baba."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Sikumbuki kama nilikuwa nimeomba msamaha kabla ya siku ile. Niliomba hapo.

"Kaa," alisema. "Nimekusamehe zamani, lakini sitaki usahau. Tuliiona ile sheria kama adui wa chakula chetu. Kumbe ilikuwa inakuja kuniondoa mbele ya ule mlango, na sisi tukaipotosha njia isifike. Mimi mtu mzima nilipaswa kukukataza siku ya kwanza. Niliogopa. Wewe ulisema namba za kweli ukadhani umesema kweli. Ukimwonyesha mtu saa moja nzuri ukaficha kumi mbaya, umemdanganya, hata kama hukuongeza neno. Umenisikia, Redio?"

"Nimekusikia."

Alinipa chupa. Niliizungusha mara mbili, ikafunguka, nikampelekea jirani.