Chuma Kilichogoma Kuchongeka

Atupele alikuwa akichemsha mawese ya sabuni nyuma ya nyumba yao, kijijini Ngonga. Kwenye kibanda cha uhunzi, tupa ya mumewe Anyosisye ilikuwa ikiteleza juu ya chuma na kulia kama panya.

Miaka hiyo ya tisini, maduka ya Kyela yalijaa sabuni za nje. Mwasiti, mwenye duka mjini, alikuwa amemwambia Atupele, "Sabuni yako inatakatisha, mwanangu. Lakini haya ni mabonge. Niletee vipande vinavyolingana, vyenye alama, Jumamosi ijayo. Ukichelewa, nafasi kwenye rafu nampa mwingine."

Anyosisye akachukua kipande cha springi ya lori atengeneze kalibu ya kuumbia sabuni, ndani yake achonge samaki awe alama. Alikinyoosha motoni, akakichovya kwenye maji. Siku tatu zikapita. Samaki hakupata hata jicho.

"Tupa mbili zimekwisha!" alilalamika.

"Na mkeo anakaribia kuisha," Atupele akajibu.

Akamwita jirani yao, Naomi, aliyewahi kuchonga kalibu kiwandani Mbeya. Naomi alipitisha tupa mara moja tu.

"Baba Jackson, ulikichovya?" akamuuliza Anyosisye.

"Ndiyo, dada. Chuma kikitoka motoni lazima kinywe maji. Baba alifanya hivyo kwa kila shoka."

"Shoka alikuwa amemaliza kulifua! Wewe hujachonga, tayari umekifanya kigumu." Naomi akacheka, kisha akaeleza. "Chuma kina chembe ndogo ndani, hazionekani kwa macho. Springi ikipoa ghafla, chembe hujibana, tupa haiingii. Ikipoa polepole, chembe hujipanga upya, inalainika. Chuma ni kilekile, mpangilio wa ndani ndio tofauti."

"Nifanyeje?"

"Kipashe moto kiwe chekundu, hata sumaku isikishike. Kifukie kwenye majivu makavu ya pumba za mpunga. Usikiguse hadi kesho."

"Hadi kesho? Na Jumamosi inakuja!"

"Siku tatu umezipoteza kwa haraka. Kipe subira usiku mmoja."

Kesho yake tindo la kuchongea chuma liliuma. Vipande vyembamba vya chuma vikaanguka miguuni pa Anyosisye. Kufikia jioni samaki alikuwa na magamba.

"Sasa nikichovye?" akamuuliza Naomi.

"Cha nini? Sabuni ni laini. Ungekuwa unatengeneza tindo, ungechovya mwishoni, baada ya kuchonga."

"Ndaga fijo, dada," Atupele alishukuru.

Jumamosi Mwasiti alipapasa kwa kidole gumba samaki aliyetokeza juu ya sabuni. Akapanga vipande viwili, vikalingana. Kisha akasukuma katoni ya sabuni za nje pembeni.

"Wiki ijayo," akasema, "leteni mara mbili ya hizi."