Harufu ya Hina Katika Droo ya Nne

Zhour aliifunga mwenyewe ile droo ya nne, ya chini kabisa, tena ufunguo alilala nao. Asubuhi aliikuta wazi upana wa kidole, ikitoa harufu ya hina mbichi.

Alikuwa karani wa kumbukumbu katika kituo cha polisi cha bandarini, mji mmoja wa pwani ya Moroko. Ndani ya droo mlikuwa na majalada ya wanawake wanne waliokuwa wakijiuza nyuma ya kiwanda cha dagaa. Wote walinyongwa ndani ya mwaka mmoja, kila mmoja kwa kamba ya hirizi yake mwenyewe. Askari waliziogopa hizo hirizi, wakazitupa baharini bila hata kuzifungua, na kila jalada likagongwa muhuri: HANA MDAI.

Mara tatu Zhour alimsihi Inspekta Bouazza aunganishe kesi hizo, maana muuaji ni mmoja na bado anatembea.

"Malaya hawana ndugu, bibie," alimjibu. "Nani atakuja kuniuliza?"

Na leo, Zhour alipomwonyesha droo, alimcheka. "Panya hao!"

"Panya wanapaka hina, mkuu?"

Kwenye kila jalada palikuwa na alama za vidole vitano, nyekundu, mbichi.

Siku ya tatu kucha zilianza kukwaruza ndani ya droo mchana kweupe, askari wakakataa katakata kuingia, na Bouazza naye, alipokuta hina kwenye kofia yake, alisahau habari za panya akatuma gari mbio kumleta Fakihi Maati, mzee msomaji na mwandika hirizi ambaye kituo kizima humbusu bega kwa heshima.

Fakihi alimwaga chumvi mlangoni, akafukiza mbegu za harmali, akasoma, na kadiri alivyosoma droo ilitikisika, moshi ukajaa, hina ikanuka mpaka Zhour akahisi imemkaa kooni, na kutoka ndani wanawake wakawa wanalia kwa pamoja, polepole, kama waliochoka kuita, hadi mzee akapaza sauti:

"Toka, Hadda binti Tamou! Toka, Itto binti Fadma! Toka, Milouda binti Hniya! Toka, Kenza binti Yamna!"

Kimya. Harufu ikakatika palepale.

Zhour alimgeukia Bouazza. Majalada yale aliyaandika yeye. Mawili hayakuwa na jina lolote, namba tu, na hakuna hata moja lililotaja mama wa mtu, naye mzee amewaita kwa majina ya mama zao.

"Mkuu," alinong'ona, "ulimpa majina?"

"Niyatoe wapi? Hata mimi siyajui!" Bouazza alimtazama mzee kwa mapenzi. "Ndiyo maana anaitwa fakihi, bibie."

Jina la mama! Jambo la kwanza anayeandika hirizi humuuliza mteja wake. Mungu wangu, walimwambia wenyewe, alipowaandikia zile hirizi! Zhour aliitazama droo akiombea ikwaruze tena, walau mara moja. Haikukwaruza. Waliokuwa wakimlilia muda wote huo walikuwa wameshafukuzwa, na yeye alikuwa amesimama pale akiitikia amina.

Fakihi alikuwa akimwangalia.

"Binti huyu amepatwa na hofu," alisema kwa upole. "Nitamwandikia kinga. Mama yako anaitwa nani, mwanangu?"

Zhour alifunga mdomo kwa nguvu, meno yakamuuma.

"Ana haya huyu!" Bouazza alicheka. "Mama yake Rqia, Fakihi. Andika, Zhour binti Rqia."

Mzee alishukuru, akaandika, kisha akatoa mfukoni kamba ya sufu na kuanza kupima urefu.